Ubao mrefu haumkatai mzee

Juma hili nataka tuzungumze habari za ubao. Sisemi ubao wa darasani wala ule wa mama ntilie wa kukatia nyama. Nasema ubao wa kupandia mawimbi, ule ambao vijana huulalia kifudifudi, wakapiga maji kwa mikono mpaka wimbi liwabebe, kisha wakasimama na kuja nao ufukweni kana kwamba bahari ni barabara ya lami.

Najua baadhi yenu mmekwisha guna. Mtasema huo ni mchezo wa watalii na watoto wa wenye nacho, unatuhusu nini sisi tunaohangaika na bei ya unga? Nawaomba subira. Ubao huo una historia ndefu, na historia yenyewe inauliza swali ambalo kila mmoja wetu ataulizwa siku moja kazini kwake au nyumbani kwake: ni nani mwenye haki ya kuingia majini, na ni nani huambiwa kwamba wakati wake umekwisha?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Jumapili moja, upepo wa kusi ukivuma, nilikwenda na mpwa wangu Coco Beach, pale Dar es Salaam. Kulikuwa na vijana wanne watano wakicheza na mawimbi. Nikaazima ubao mmoja mfupi, mwembamba, uliochongoka kama jani la mwembe. Nilijiona bado damu inachemka. Nikaulalia, nikapiga mikono kwa nguvu zangu zote, wimbi likaja, likapita chini ya tumbo langu na kwenda zake. La pili vivyo hivyo. La tatu, la nne, mpaka la saba. La nane lilinikamata, likanipindua kichwa chini miguu juu, nikanywa maji ya chumvi ya kutosha kuunga mchuzi.

Kijana mmoja akanisogelea, akasema kwa adabu kabisa: “Shikamoo, mzee. Huo si wako. Chukua huu.” Akanisukumia ubao wa futi tisa, mpana kama mlango wa stoo. Neno “mzee” liliniwasha kuliko chumvi iliyokuwa puani, maana miaka yangu ni arobaini na kitu tu. Lakini niliuchukua. Wimbi la kwanza likanibeba. Sikusimama, nisije nikawadanganya; nilipiga magoti kama mtu aliye msikitini au kanisani. Hata hivyo nilifika pwani nikiwa juu ya maji, na mpwa wangu akapiga makofi.

Bahari ilikuwa ile ile, mawimbi yale yale, na mtu ni yule yule mwenye kitambi. Kilichobadilika ni ubao peke yake. Kwa nini?

Wimbi la baharini ni sawa na daladala lisilosimama kituoni. Linakuja na mwendo wake, na anayetaka kulidandia sharti awe tayari anakimbia linapomfikia, la sivyo litampita. Ubao mrefu humsaidia mpandaji kukimbia kwa njia tatu. Ya kwanza, una ujazo mkubwa, kwa hiyo unaelea juu na kumbeba mtu mzima mzima, badala ya kumwacha nusu yake ikiburuta majini. Ya pili ni urefu wenyewe. Nahodha yeyote atakwambia kwamba chombo kirefu hukimbia kuliko kifupi, kwa kuwa kila chombo kikiongeza mwendo hutengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma, na kile kifupi huishia kujichimbia shimo katikati ya mawimbi yake mwenyewe. Ya tatu, tumbo la ubao mrefu limenyooka. Ubao uliopinda kama ndizi husukuma maji mbele yake. Ulionyooka huteleza juu yake.

Ndiyo maana mwenye ubao mrefu hulidaka wimbi mapema, likiwa bado ni mgongo mpole wa maji. Anapata nafasi ya kuinuka taratibu, hata kama magoti yanalia. Mwenye ubao mfupi sharti asubiri mpaka wimbi lisimame wima kama ukuta, aporomoke nalo, na asimame kwa mruko mmoja. Asiye na wepesi wa paka hana bahati hapo.

Lakini waungwana, hakuna cha bure. Ule unyoofu unaosaidia kulipata wimbi unageuka kuwa adui wimbi likiwa kali: omo ya ubao hujichimbia majini, na mpandaji huruka mbele kama jiwe la manati. Na kuugeuza ni kazi. Ubao mfupi hugeuka kwa kukanyaga kisigino tu. Ule mrefu unataka mtu atembee juu yake, akipishanisha miguu, arudi nyuma mpaka karibu na tezi, akanyage hapo ili omo inyanyuke na kuzunguka, kisha atembee tena mbele ili ubao ulale na kushika kasi. Bingwa hutembea mpaka ncha ya omo, vidole vya miguu vikining’inia hewani. Watazamaji hushangaa kwa nini ubao haupinduki. Siri ni kwamba wakati huo maji ya wimbi yanapita juu ya tezi na kuikalia, mfano wa mtu mnene aliyekaa upande wa pili wa bembea.

Sasa tuifuate historia, maana mambo haya hayakutoka maabara. Yalitoka Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki.

Hapa Mswahili asidhani anasimuliwa habari za watu wa mbali mno. Itazame ngalawa yetu, na yale matengo yake mawili, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke. Wataalamu wa vyombo vya majini wameonyesha kwamba ufundi huo ni wa jamii ya mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Baadhi yao walikuja upande wetu wakavuka hadi Madagaska, na lugha ya Kimalagasi ni ushahidi mpaka leo. Ndugu zao walikwenda upande wa mawio, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka wakafika Hawaii karibu miaka elfu moja iliyopita. Mtumbwi wa Hawaii una tengo moja, ngalawa ina mawili, lakini nasaba yao ni moja. Basi tunapozungumza habari za mafundi wa Hawaii, tunazungumza habari za binamu wa ngalawa.

Wahawaii walikuwa na mbao za aina mbalimbali. Iliyotumiwa na watu wengi, wake kwa waume, iliitwa alaia: nyembamba, ya mti wa koa au wa mshelisheli, huu huu ambao matunda yake Wazanzibari huyachoma na kuyapika kwa nazi. Haikuwa na pezi chini, na fundi wake aliiongoza kwa ubavu na mguu. Aina nyingine iliitwa olo. Hii ilikuwa ndefu kupita kiasi, nene katikati, iliyochongwa kwa mti mwepesi uitwao wiliwili, na mapokeo ya Wahawaii yanasema ilikuwa ya machifu. Mbao za chifu Abner Paki, aliyefariki mwaka 1855, zipo mpaka leo katika Jumba la Makumbusho la Bishop mjini Honolulu. Zina urefu wa futi 14 na zaidi, na uzito wa zaidi ya kilo 60 kila mmoja. Yaani ubao mmoja una uzito wa mtu mzima.

Tazama jinsi urefu ulivyokuwa cheo. Aliyekuwa na olo aliliona wimbi likiwa bado mbali, akalidandia kabla ya mtu mwingine yeyote, akapita mbele ya watu wote kimya kimya. Mwenye alaia alingoja karibu na pwani, palipo na povu na vurugu. Bahari ilikuwa moja, lakini fundi wa kuchonga ubao ndiye aliyeamua nani atangulie.

Mwaka 1779 Luteni James King, aliyekuwa katika msafara wa Kapteni James Cook, aliwaona watu wa Ghuba ya Kealakekua wakicheza na mawimbi, akayaandika aliyoyaona kwa mshangao mkubwa. Cook mwenyewe aliuawa hapo hapo mwezi Februari mwaka huo. Kilichofuata ni simulizi ambalo Waafrika tunalifahamu. Meli zilileta maradhi ambayo wenyeji hawakuwa na kinga nayo. Mwaka 1820 wakafika wamisionari kutoka Marekani, ambao hawakupendezwa na mchezo uliowaacha wanaume na wanawake nusu uchi majini saa za kazi. Mashamba ya miwa yakaja, ufalme ukapinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa vile. Taifa lililokuwa na watu laki kadhaa alipofika Cook lilibakiwa na Wahawaii wapatao 40,000 katika sensa ya mwaka 1890.

Watu wakifa, hufa na ufundi wao. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliobaki wakicheza na mawimbi walikuwa wachache, na mbao zao zilikuwa fupi na za kawaida. Olo ilikuwa imening’inizwa ukutani pale makumbusho, na wapita njia waliiona kama pambo.

Aliyeurudishia mchezo huo heshima ni Duke Kahanamoku, mtoto wa Honolulu aliyezaliwa mwaka 1890. Duke alikuwa muogeleaji hodari. Mwaka 1912 alishinda medali ya dhahabu ya mita 100 katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Mwaka 1924 mjini Paris alipitwa na Johnny Weissmuller, yule ambaye baadaye wazee wetu walimwona sinema akiigiza Tarzan. Kila alikokwenda kuogelea, Duke aliwaonyesha watu namna ya kupanda mawimbi. Alipofika Australia mwishoni mwa mwaka 1914, alichonga mwenyewe ubao wa msonobari na kuwaonyesha watu wa Sydney mambo ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaota.

Kisha akatokea kijana mmoja Mmarekani, Tom Blake, mzaliwa wa jimbo la Wisconsin lisilopakana na bahari yoyote. Blake alikutana na Duke mwaka 1920, akavutiwa, akamfuata mpaka Hawaii. Mwaka 1926 akaenda pale makumbusho, akaomba ruhusa ya kuzikarabati mbao za machifu. Fikiria jambo hilo. Mbao zile zilikuwa mbele ya macho ya kila mtu kwa miaka mingi, na aliyeziuliza swali ni huyu mgeni. Blake akachonga mfano wake. Kwa kuwa ulikuwa mzito mno, aliutoboa matundu mamia kutoka juu hadi chini, akauacha ukauke, kisha akayafunika matundu kwa mbao nyembamba. Ndani kukawa na hewa. Mwaka 1928 alishinda mashindano huko California, na mwaka 1932 akapewa hataza ya ubao wenye uwazi ndani, uliojengwa kwa mbavu kama bawa la ndege.

Tatizo likabaki moja. Mbao zote hizo, ndefu au fupi, hazikuwa na kitu cha kuzizuia zisiserereke. Kwenye wimbi kali tezi ilikimbilia upande, kama baiskeli kwenye matope. Mwaka 1935 Blake alichukua kipande cha mkuku wa mashua iliyotupwa, akakipigilia chini ya ubao wake, akaingia nao majini. Ubao ukashika njia. Hilo ndilo pezi la kwanza, na halikuwa na urefu wa zaidi ya futi moja hivi. Mabaharia wa dunia nzima walikuwa na mikuku tangu enzi na enzi, lakini ilichukua vizazi na vizazi mpaka mtu akafikiri kuuweka kwenye ubao wa mawimbi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1937, vijana watatu wa Honolulu, John Kelly, Wally Froiseth na Fran Heath, walilitatua tatizo lile lile kwa njia nyingine. Walikuwa wamechoka kuserereka kwenye mawimbi makubwa. Kelly akachukua shoka, akaupunguza upana wa tezi ya ubao wa Heath na kuuchonga upande wa chini ufanane na tumbo la mashua. Jioni hiyo hiyo wakaujaribu, nao ukang’ang’ania ukuta wa wimbi bila kuponyoka. Shoka moja, alasiri moja. Ndivyo ufundi unavyokwenda mara nyingi: mtu hukasirika, kisha hufikiri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo yakahamia California. Bob Simmons, aliyekuwa amesomea uhandisi, alisoma utafiti uliofanywa kuhusu boti ziendazo kasi, kisha akaupeleka kwenye mbao: omo iliyonyanyuka kidogo, kingo nyembamba, mti mwepesi wa balsa uliofunikwa kwa faibaglasi. Alizama na kufa akiwa mawimbini mwaka 1954.

Hapo pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1947 fundi Joe Quigg alimtengenezea ubao msichana mmoja, Darrylin Zanuck, binti wa mtayarishaji mashuhuri wa filamu. Msichana alitaka ubao mwepesi ambao angeweza kuubeba mwenyewe na kuupakia katika gari lake. Quigg akautengeneza, wa futi kumi hivi, mwepesi, wenye kingo za mviringo na pezi. Wanaume wa Malibu, ambao walikuwa wakijisifu kubeba magogo yao mazito, wakauazima kwa mzaha. Mzaha ukaisha walipoingia majini. Ubao wa msichana uligeuka kuliko ya kwao, nao uliwafikisha mahali ambapo magogo yao hayakuwafikisha. Baadaye kila mmoja akataka wa namna ile. Ule tunaouita leo ubao mrefu wa California una asili yake katika chombo kilichofikiriwa kwa ajili ya mtu ambaye wengine hawakumhesabu kuwa ni mchezaji.

Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark wakaanza kutumia povu gumu la plastiki badala ya balsa, mti ambao ulikuwa ukiagizwa kutoka Ekuado. Sasa mbao zingeweza kumiminwa kwenye kalibu kama matofali, na fundi akamalizia kwa randa na msasa. Mwaka 1959 filamu ya Gidget, kuhusu msichana anayejifunza mchezo huo, ikawapeleka vijana wengi ufukweni. Mbao za wakati huo zilikuwa za futi tisa hadi kumi, zenye pezi moja kubwa. Kijana alipanda, mama yake alipanda, na mjomba mwenye kitambi naye hakuachwa.

Mwaka 1966 ikatoka duniani filamu ya The Endless Summer, ambayo vijana wawili wa Kimarekani wanayafuata majira ya joto duniani kote. Walifika Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Filamu nzuri kwa mandhari, lakini inawaonyesha Waafrika kama watu wanaouona mchezo huo kwa mara ya kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Msafiri mmoja Mwingereza aliyepita Accra katika miaka ya 1830 aliandika kwamba aliwaona wavulana wakiogelea hadi mbali na vibao vyepesi, wakingoja wimbi na kurudi nalo. Na sisi tuliokulia pwani hii, nani hakuwahi kulilalia wimbi kwa kipande cha ubao wa mashua iliyovunjika? Hatukuuita mchezo wa kimataifa. Tulirudi nyumbani tukachapwa kwa kuchelewa.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yangu. Mwaka huo huo wa 1966, katika mashindano ya dunia huko San Diego, Nat Young wa Australia alishinda kwa ubao wa futi 9 na inchi 4 uliokuwa mwembamba kuliko ya wenzake, wenye pezi lililoigwa kwenye mkia wa samaki. Wenzake walikuwa wakitembea hadi omo na kusimama kwa madaha. Young alikata wimbi huku na huko kama panga. Mwaka 1967 Bob McTavish, fundi wa Australia, akaufupisha ubao na kuuchonga tumbo lake. Kufikia mwaka 1970 mbao za futi sita na saba zilikuwa zimetapakaa kila mahali.

Mapinduzi hayo yalikuwa na sababu nzuri. Ubao mfupi, uliopinda, unaingia mahali ambapo ule mrefu ungevunjika. Unageuka ndani ya tundu la wimbi. Haya tunayoyaona kwenye televisheni tangu mchezo huo uingie Olimpiki huko Japani mwaka 2021, na tena huko Tahiti mwaka 2024, yasingewezekana kwa ubao wa futi kumi. Simlaumu McTavish wala Nat Young.

Ninachokilaumu ni kasi ya kutupa. Katika muda wa miaka miwili mitatu, mbao ndefu zilizokuwa fahari ya kila duka zikawa aibu. Wenye viwanda walibaki na shehena zisizonunuliwa. Mbao zikauzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zikakatwa na kuchongwa upya ziwe fupi. Na pamoja nazo wakatoka watu. Mwenye umri mkubwa, mwenye mwili mzito, mwenye goti bovu, na yule anayeishi penye mawimbi madogo, wote hao walijikuta hawana chombo. Hakuna sheria iliyowafukuza. Waliondoka wenyewe baada ya wimbi la saba kuwapita chini ya tumbo, kama lilivyonipita mimi. Wakadhani wamezeeka, kumbe umefupishwa ubao.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanikera. Katika kituo kimoja cha redio nilichowahi kufanya kazi, mitambo mipya iliingia, ile ya kurekodi kwa kompyuta. Ilikuwa bora, sina ubishi. Lakini amri ikatoka kwamba stoo isafishwe. Mikanda ya zamani, ile mikubwa ya duara, ikapakiwa katika maboksi na kutupwa. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee wa vijijini, ngoma, mashairi yaliyoghanwa na wenyewe. Mmoja wa waliobeba maboksi hayo ni mimi. Nilikuwa kijana, na niliona fahari kuwa upande wa mambo mapya. Fundi wetu mzee, aliyejua kuuunga mkanda uliokatika kwa wembe na gundi, alisimama mlangoni akitutazama. Hakusema neno. Mwezi uliofuata hakuwa tena na kazi.

Miaka kumi baadaye nilitakiwa kuandaa kipindi kuhusu manju mmoja aliyefariki. Nikaitafuta sauti yake kila pembe. Niliipata kwa yule fundi mzee. Alikuwa ameokota boksi moja siku ile, akaliweka chini ya kitanda, pamoja na mashine moja mbovu aliyoitengeneza mwenyewe. Alinipa mkanda bila kunidai chochote. Afadhali angenitukana.

Huko Hawaii nako walikuwapo waliolificha boksi chini ya kitanda. Wazee wa Makaha, upande wa magharibi wa kisiwa cha Oahu, hawakuziacha mbao zao ndefu. Mwaka 1977 Buffalo Keaulana, mlinzi wa ufukwe huo, alianzisha hapo mashindano ya mbao ndefu, akawakaribisha watoto, akina mama na mababu. Katika miaka ya 1980 na 1990 ubao mrefu ukarudi duniani kote. Na haukurudi kama ulivyoondoka. Ulirudi ukiwa mwepesi, baadhi yake ukiwa na mapezi mawili madogo ubavuni mwa lile kubwa, kingo za nyuma zimechongwa kali ili uachane na maji upesi unapogeuka. Yaani uliyachukua mafunzo ya ule mfupi. Vijana nao, walioshiba ubao mfupi, walianza kuzitafuta mbao za miaka ya 1960 kwenye magereji ya watu, wakawauliza wazee namna ya kutembea mpaka omo.

Mabaharia wetu wana msemo: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu atakimbilia mbele ya chombo, atakimbilia nyuma, mwisho atashuka ngamani, chini katikati, maana huko ndiko kila kitu kinakokusanyika. Blake alirudi makumbusho akaikuta olo. Mimi nilirudi kwa fundi wangu.

Sisemi tuache mambo mapya. Anayetaka kulikata wimbi kali na achukue ubao mfupi, Mungu amlinde. Nasema tu kwamba kabla hujapitisha shoka, uliza kwanza chombo hiki kilikuwa kikimbeba nani. Kule kwenye mwambao wetu, mafundi wanaojua kuchonga ngalawa ya gogo la mwembe na kuifunga matengo yake ni wazee, na mashua za faibaglasi ziko njiani au zimekwisha fika. Yupo kijana anayekaa nao na kuwauliza? Au tunangoja aje mgeni kutoka jimbo lisilo na bahari?

Jumapili ile, jua likikaribia kuzama, nilimrudishia yule kijana ubao wake mrefu. Nikamwuliza kwa nini yeye, mwepesi kama alivyo, anahangaika kubeba mzigo huo mpaka ufukweni kila juma. Akacheka. “Huu si wangu peke yangu, mzee,” akasema. “Huu ni wa yeyote anayekuja.”

Safari hii neno “mzee” halikuniwasha. Tukutane tena juma lijalo, Mola akitujalia.